Mfuko wa wagonjwa wa ini na kongosho: nauli ya Dar au utafiti wa Mbeya?

Mwaka 2007 Mwingereza Ali Stunt aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Alipasuliwa akapona, na mwaka 2010 akaanzisha shirika la hisani, Pancreatic Cancer Action, linalopigania ugonjwa huo ugunduliwe mapema. Kisa chake ni adimu. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu wapatao 510,000 waligundulika kuwa na saratani hiyo duniani, na wapatao 467,000 walikufa nayo. Saratani ya ini iliua zaidi ya 750,000. Saratani ya matiti ina akina mama wengi waliopona, nao husimama jukwaani wakasikilizwa. Wa kongosho na ini wengi hawapati muda huo, na ugonjwa usio na wasemaji husahaulika hata kwenye bajeti.

Sasa wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini na familia zao wakiamua kuunda mfuko wa namna hiyo, fedha zake ziende wapi?

Wapo watakaosema ziende kwa mgonjwa mwenyewe, na hoja yao ni nzito. Mtu wa Makete au Chunya akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road ana safari ndefu mbele yake. Kutoka Mbeya mjini tu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Anahitaji nauli yake na ya msindikizaji, mahali pa kulala, chakula, na pesa ya siti skani. Ndugu huchangishana, na mchango ukikwama huuzwa ng'ombe au kipande cha shamba. Wengi hufika hospitali macho yakiwa ya njano na tumbo limejaa maji, wakati upasuaji hauwezekani tena. Kinachobaki ni kuyatoa maji hayo na kupata mofini ya kutuliza maumivu, na mofini hiyo inatakiwa leo. Kumwambia mtu huyo kwamba mchango wake umepelekwa maabara, na kwamba atakayefaidika pengine hajazaliwa, ni jambo gumu. Tena mtu wa kwetu anayechangia msiba au matibabu ya jirani amezoea kuona pesa yake imefanya nini kabla wiki haijaisha. Utafiti hautoi majibu kwa kasi hiyo.

Lakini tazama upande wa pili. Kirusi cha homa ya ini B, ambacho ni chanzo kikubwa cha saratani ya ini duniani, kilitambuliwa miaka ya 1960 na kazi iliyoongozwa na mwanasayansi Mmarekani Baruch Blumberg. Chanjo ikapatikana. Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na mwaka 1997 watafiti wa huko wakaripoti kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imepungua karibu nusu. Tanzania iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Mtoto anayechanjwa leo Igawilo au Mafinga anakingwa na utafiti ambao waliouchangia hawakumjua. Nauli ya Dar, hata ikilipwa kwa wagonjwa elfu, haiwezi kuleta matokeo kama hayo.

Hapo ndipo ninapoegemea, ila kwa sharti: maswali yanayotafitiwa yawe ya huku. Ulaya na Marekani wanahangaika zaidi na pombe, unene na homa ya ini C. Sisi pombe tunayo, kuanzia ulanzi wa Iringa hadi komoni ya Mbeya, lakini tuna pia homa ya ini B, na tuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Inapokutana na homa ya ini B katika mwili mmoja, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Mikoa yetu inalisha nchi mahindi. Hata hivyo ukungu wa sumukuvu hupenda joto na ukame, na baridi ya Njombe si joto la Dodoma, wala Njombe si Kyela au bonde la Usangu. Kwa hiyo takwimu za Kanda ya Kati haziwezi kutujibia ni kiasi gani cha saratani ya ini ya huku kinatokana na chakula, kiasi gani na kirusi, kiasi gani na pombe. Hakuna mfadhili wa London atakayekosa usingizi kwa ajili ya swali hilo. Mgonjwa wa Rungwe atakosa.

Wengine watasema utafiti ni kazi ya matajiri. Mbeya yenyewe inawakanusha. Kituo cha hapa cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho mizizi yake ni mradi ulioanza mwaka 1996 pamoja na Chuo Kikuu cha Munich, kimefanya majaribio ya chanjo za VVU na ya dawa za kifua kikuu. Watu wenye ujuzi wapo. Fedha za wafadhili wakubwa ndizo zilizoamua wachunguze nini, na mfuko mdogo unaweza kuongeza swali moja mezani.

Swali ninalolipendekeza linapunguza hata ugomvi wenyewe. Homa ya ini B hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kati ya watoto wadogo wanaolelewa nyumba moja. Mgonjwa mmoja wa saratani ya ini mwenye kirusi hicho ana kaka na dada waliozaliwa kabla ya 2002, bila chanjo ya utotoni, na pengine ana watoto. Mfuko ugharamie kuwapima ndugu hao wote na kuandika matokeo kwa utaratibu wa kitafiti. Asiye na kirusi achanjwe. Mwenye nacho apelekwe kliniki, akihitaji dawa apewe tenofovir, ileile wanayotumia wengi wanaoishi na VVU, na wale walio katika hatari kubwa wapigwe altrasaundi ya ini kila miezi sita. Huo ni utafiti, na papo hapo ni huduma ambayo mchangiaji anaiona.

Kongosho, nakiri, halina njia nyepesi hivyo. Halina chanjo, wala kipimo cha kumpima kila mtu mzima. Kwa ugonjwa huo ningeanza na jambo dogo: kupitia mafaili ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na za mikoa jirani, kuona mgonjwa alizunguka zahanati ngapi na maumivu ya mgongo, kupungua uzito au kisukari cha ghafla kabla mtu hajalifikiria kongosho.

Linabaki suala la nani aamue. Mwaka 2014 shirika la Stunt lilitoa matangazo ambamo wagonjwa wa kongosho walisema wanatamani wangekuwa na saratani ya matiti. Yalisikika kila mahali, na yaliwaumiza vibaya wagonjwa wa matiti. Uchungu wa mgonjwa ndio unaoamsha watu, lakini peke yake hauwezi kupima mradi upi una maana kisayansi. Umoja wa mashirika ya hisani yanayofadhili utafiti wa tiba Uingereza huwataka wanachama wake wapeleke maombi kwa wataalamu wasio na maslahi kabla ya kutoa fedha, na sisi tuige hilo. Mgonjwa aseme swali gani linamuuma. Mtaalamu wa nje aseme kama njia ya kulijibu inafaa. Na kwa kuwa waanzilishi wa mfuko huu wengi hawatakuwa na miaka mingi, katiba yake itaje kabla ya harambee ya kwanza nani anashika hesabu mwanzilishi akifariki, na sehemu gani ya kila mchango inakwenda kwenye mofini na nauli bila kuguswa na utafiti.