Usiende Paris, Vuka Daraja

Ikifika Ijumaa jioni, kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Trier, Ujerumani, hugeuka stendi ya mabasi. Huyu anasaka nafasi ya Paris, yule kapata basi la usiku la Amsterdam kwa bei ya chee, mwingine anauliza kama kuna mtu ana ndugu Brussels wa kumlaza. Jumatatu wanarudi hoi, macho mekundu, na picha kumi na moja za mnara ule ule.

Mimi nimeacha. Nilikwenda Paris mara moja, nikakaa foleni saa tatu, nikala mkate mkavu kwa bei ya kuku mzima, nikarudi. Sasa nasema wazi, na wanaocheka wacheke: mwanafunzi mwenye siku mbili na euro arobaini aende kwa jirani wa karibu kabisa, yule ambaye hakuna anayemwonea wivu. Kwetu sisi wa Trier jirani huyo ni Luxembourg.

Hizo euro arobaini si mzaha. Ili upewe viza ya masomo Ujerumani kwa kawaida unaweka benki fedha za mwaka mzima kwanza, kwenye akaunti iliyofungwa, halafu wanakuachia kila mwezi kidogo kidogo. Tangu mwaka 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi. Nyumbani ukiitaja hiyo hesabu watu wanakuona tajiri. Toa kodi ya chumba, toa bima ya afya, toa simu, utabaki unahesabu mayai.

Basi Jumamosi moja tukatoka, mimi na mwenzangu mmoja wa Bukavu, Kongo, anayesoma uchumi. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka minne, kwa hiyo ananiita "yaya". Kwao yaya ni dada mkubwa. Kwetu Tanzania yaya ni msichana wa kulea mtoto wa mtu, na wiki ya kwanza nilikasirika kweli. Sasa nimezoea, hata napenda.

Treni inafuata mto Mosel kuelekea kusini, chini ya saa moja hadi Perl, kituo cha mwisho upande wa Ujerumani. Kulia ni maji, ng'ambo ya maji ni vilima vilivyopandwa mizabibu mistari kwa mistari. Aliyewahi kufika Hombolo, Dodoma, anajua mizabibu, ila hii imepandwa kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili. Ukishuka Perl unatembea kidogo, unavuka daraja, na kibao cha upande wa pili kinasema: Schengen.

Nilisimama pale kama mjinga. Miaka yote nimesikia neno hilo, jina la viza moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, likitamkwa kama jina la mamlaka. "Kanyimwa Schengen." "Schengen yake imebaki siku nane." Nimeona watu wazima Dar es Salaam wamekumbatia bahasha za taarifa za benki kwa ajili ya Schengen. Kumbe ni kijiji. Kina kanisa, kina paka amelala juu ya ukuta, na kinatengeneza mvinyo.

Mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini hapo tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli ya abiria iitwayo Princesse Marie-Astrid iliyokuwa mtoni. Nchi zilikuwa tano: Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Hakufika rais wala waziri mkuu. Utekelezaji wenyewe ulianza miaka kumi baadaye, Machi 1995. Walichagua hapo kwa sababu Ujerumani, Ufaransa na Luxembourg zinagusana, na kuna jambo kuhusu huo mto ambalo lilinikaa kichwani kuliko meli na saini zote. Kati ya Ujerumani na Luxembourg hakuna mstari katikati ya maji. Tangu 1816 Mosel ni mali ya pande zote mbili kwa pamoja, ukingo hadi ukingo. Nikawaza Ziwa Nyasa, ambako sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji na Malawi wanasema uko kwenye mchanga wetu, na ubishi wenyewe tumerithi kwenye mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890.

Mimi nimezaliwa Namanga, hivyo mpaka kwangu ni kitu cha jikoni. Namanga ni jina moja, miji miwili. Mama alikuwa anavuka kufuata mafuta ya kupikia na sabuni upande wa Kenya, na hakuwahi kuita hiyo safari. Kulikuwa na njia rasmi, na kulikuwa na njia za panya, na kila mtoto alizijua zote. Wamasai walipita na ng'ombe wao bila kumuuliza mtu. Mwaka 2018 marais wetu wawili wakafungua kituo cha pamoja, unagongewa kutoka na kuingia chini ya paa moja, na ni maendeleo, sikatai. Lakini bado unahitaji pasipoti au hati ya dharura, bado unaulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bado kuna kijana atakayekufuata na bunda la shilingi za nchi mbili. Mstari wenyewe walikubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1886. Walipokuwa wanatuchorea wa kwetu huu, hapa kwenye Mosel nako mpaka ulikuwa umeshahamishwa kwa bunduki: Apach, kijiji cha Ufaransa ninachokiona kutoka Schengen, wakati ule kilikuwa kimechukuliwa na Ujerumani.

Leo ukitaka kuona mpaka wa hapa uko wapi, tafuta sheli. Upande wa Luxembourg zimepangana moja baada ya nyingine, kwa sababu kodi ya mafuta ni ndogo, na magari yaliyojipanga yana namba za Ujerumani na Ufaransa. Wajerumani wananunua na kahawa, maana kwao kahawa ina kodi yake maalum. Nilimwona mzee mmoja akipakia buti pakiti za kahawa kama anafungua duka. Nikacheka peke yangu: hiyo ndiyo Namanga ya mama, ila hapa hakuna anayeiita magendo.

Luxembourg nzima inakaribia ukubwa wa Unguja na Pemba ukiziunganisha, watu hawafiki laki saba, na kila siku ya kazi zaidi ya watu laki mbili wanavuka kutoka nchi jirani kuja kufanya kazi na kurudi kulala kwao. Na usafiri wa umma ni bure tangu mwaka 2020. Basi, tramu, treni ya daraja la pili, bure, hata kwa mgeni. Ukiambiwa hivyo unaelewa, lakini mwili hauelewi. Nilipanda basi, nikabaki nimesimama mlangoni na sarafu mkononi, namtazama dereva, dereva ananitazama. "Moien," akasema, ndiyo salamu yao. Mwenzangu akanisukuma mgongoni: "Yaya, ingia, watu wanangoja."

Mji mkuu nitaupita haraka, kwa kuwa ni mzuri na mzuri hauna hadithi ndefu. Una ngome za kale juu ya miamba, bonde la kijani katikati, na lifti ya kioo ya Pfaffenthal inayokushusha mita 71 hadi chini ya bonde, nayo pia bure. Tulipanda na kushuka mara nne kama watoto. Tulikula chapati zangu nilizobeba kwenye kontena, zimeganda kwa baridi, tumekaa kwenye benchi mbele ya mgahawa ambao supu yake peke yake ingemaliza bajeti. Jioni, karibu na stesheni, tukasikia kelele za kindugu, kicheko kile cha kwetu, tukageuka: kumbe ni watu wa Cape Verde, wako wengi nchi hii. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Tulipeana mikono tu na kila mtu akacheka.

Hosteli, usingizi, mvua, Jumapili maduka yamefungwa. Tukarudi kwa basi la Trier.

Baada tu ya daraja, upande wa Ujerumani, basi likaingia sehemu ya maegesho. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya ardhini, na huu wa Luxembourg umo. Wakapanda askari wawili vijana, wapole tu. Walipita safu sita za mbele bila kusimama. Wakasimama kwetu.

Mwenzangu alitoa pasipoti na kadi ya ukaazi. Mimi nilikuwa na kadi tu. Pasipoti ilikuwa Trier, kwenye droo, chini ya soksi. Hilo ni kosa langu, na wewe unayesoma usilirudie: kadi ya ukaazi inakuruhusu kuzuru nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180, lakini iandamane na pasipoti. Askari aligeuza kadi, akapiga simu, akataja jina langu herufi moja moja. Basi zima likawa kimya. Dakika saba. Najua ni saba kwa sababu nilikuwa naangalia saa iliyoko juu ya dereva ili nisiangalie nyuso za watu.

Pembeni yangu, upande wa pili wa ujia, alikaa bibi mmoja wa Kijerumani na mfuko wa kahawa miguuni, pakiti sita au saba. Alikuwa anajaza fumbo la maneno. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala yeye hakuinua macho. Sina kinyongo naye. Yeye anaishi kwenye mkataba ule wa melini, mstari haupo. Kwangu mstari upo, na siku hiyo niliuacha kwenye droo.

Nikarudishiwa kadi, nikatakiwa jioni njema. Basi likaondoka.

"Yaya," akanong'ona wa Bukavu baada ya kimya kirefu, "ile chapati ya mwisho iko wapi? Miye njala inaniua."

Nilikuwa nimeikalia.