Bahari Inakula Kisiwa au Inakijenga?

Kusi, upepo wa kusini, likishika wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, minazi ya ukingoni Jambiani na Nungwi, Unguja, hung'oka, na kilio ni kilekile: bahari inakula nchi, ijengwe kuta. Wapo wanaojibu kuwa hayo ni maumbile, yaachwe. Mimi nawaegemea hawa wa pili, lakini kwa sharti.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya maweni, yaani ardhi ya mawemawe, ya mashariki ya Unguja ni matumbawe yaliyokufa. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Matumbawe yakaota, maji yakashuka, mwamba ukabaki mkavu. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipotanda duniani, bahari ilishuka mita 120 hivi na Unguja ikaungana na bara, maana mkondo wa bahari kati yake na bara hauna kina kirefu. Ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui. Pemba ilibaki peke yake, imetengwa na bonde la mamia ya mita lililotokana na kupasuka kwa ardhi, na popo wake mkubwa hapatikani kwengine duniani.

Mwamba huo wa matumbawe nao unaliwa. Maji ya mvua hubeba kaboni dayoksaidi, yakawa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa. Hivyo ndivyo yalivyotokea mapango kama la Kuumbi. Ufukweni mawimbi huuchimba chini hadi ukingo ukaning'inia.

Na mchanga mweupe? Hautoki mitoni. Samaki aitwaye pono hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa ungaunga (mtalii hajui amelalia nini), na makombe yaliyosagika huongezea. Mawimbi ya kaskazi, upepo wa kaskazini, huusukuma mchanga kusini, ya kusi huurudisha. Ufuo uliokonda Agosti, wakati wa kusi, waweza kunenepa Februari, wakati wa kaskazi, mradi mchanga uwe na njia ya kupita. Ukuta wa zege huiziba njia hiyo. Wimbi likiugonga hurudi kwa nguvu na kuchota mchanga wa miguuni pake, na jirani wa upande wa pili hukosa fungu lake. Hoteli hupona, anayelipa ni mvuvi asiye na pa kupandishia ngalawa.

Hata hivyo, pale pasipo na pa kurudi nyuma, watetezi wa kuta wana haki. Mji Mkongwe hauhamishiki, kwa hiyo ukuta wa Mizingani sina ugomvi nao. Kisiwa Panza, Pemba, maji ya chumvi yameingia kwenye mashamba ya mpunga. Kumwambia mkulima asubiri upepo ugeuke ni kumkejeli.

Hoja ya maumbile nayo ina tundu. Bahari inapanda kwa sababu ya joto la dunia, matumbawe yalipauka mwaka 1998 na tena 2016, mikoko inakatwa kwa makaa, mchanga unachotwa kwa ujenzi. Anayechota mchanga leo hawezi kesho kusema ni maumbile. Hilo ndilo sharti langu: pwani iachwe ihame, lakini asiwepo wa kuipunguzia akiba yake.

Na pakiombwa kibali cha ukuta, ufuo upimwe kaskazi na kusi, pamoja na wa jirani. Kipimo cha Agosti peke yake kitampa haki mwenye zege kila mara.