Mpangaji wa bondeni naye ana mali ya kukatia bima

Kila masika ikianza, mjadala wa mafuriko Dar es Salaam unarudi kwenye swali lile lile: kwa nini watu wa bondeni hawahami? Swali hilo limenichosha. Linamtazama mwenye nyumba peke yake, yule mwenye hati au leseni ya makazi, ambaye akitakiwa kuondoka angalau anasubiri tathmini na fidia. Mpangaji halimgusi. Na ukishuka Kigogo, Hananasif au Magomeni Suna, kila uwa una mpangaji anayeamka usiku wa manane kupandisha godoro juu ya meza.

Msimbazi ni mto mfupi. Unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, kwa hiyo mvua ikipiga huko juu maji hayangoji siku nzima kufika Jangwani. Ni suala la saa. Kigogo mnaweza kuwa mmeanika nguo na jua linawaka, kumbe mto umeshakasirika. Bahari ikiwa imejaa pale Salender, maji ya mto yanakosa pa kutokea na yanarudi majumbani. Mchanga unaoshuka umekipandisha kitako cha mto, taka zimeziba mitaro, na mji wenyewe umekuwa bati na lami, ardhi iliyokuwa ikinyonya maji imepungua.

Desemba 2011 tuliyaona. Watu zaidi ya 40 walikufa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaeleza kuwa mvua kubwa kiasi kile haikuwa imeonekana hapa tangu 1954. Waathirika wengine wakapelekwa Mabwepande. Nadhani hiyo hesabu ya 1954 ndiyo iliyowapotosha wengi: walisikia kwamba jambo hili huja mara moja katika maisha ya mtu, wakaona zamu yao imeshapita.

Haiendi hivyo. Wataalamu wakisema "mafuriko ya miaka 100", maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 100 ya kuyapata. Yakija mwaka huu, mwakani nafasi ni ile ile, hayakai foleni. Kaa sehemu ya namna hiyo miaka 30 na uwezekano wa kukumbwa walau mara moja unafika kama asilimia 26, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne. Hapo nazungumzia wanaokaa ukingoni mwa bonde. Waliojenga kando kabisa ya mto wala hawahitaji hesabu, wanajua.

Mpangaji hata hiyo hesabu hapewi. Nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta chumba Magomeni, dalali akatuonyesha kimoja kizuri, LUKU yake peke yake, kodi ya miezi sita. "Dada, hapa pakavu, maji yanaishia kule chini," akasema. Ukuta ulikuwa na rangi mpya, ila upya wake uliishia kiunoni. Juu ilikuwa rangi ya zamani. Soketi zote zilikuwa usawa wa bega. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo uani alitutazama, hakusema neno, akaelekeza kidole kizingitini. Zege lilikuwa limepandishwa karibu na magoti. Mdogo wangu hakupanga pale, lakini najua kuna mtu amepanga.

Kwa hiyo ukitafuta chumba, usiulize kama maji yanafika. Uliza mwaka 2011 yalifika wapi, na umuulize mkazi wa siku nyingi, si anayesubiri kodi ya mwezi mmoja ya udalali.

Sasa bima. Mjini hapa tukisema bima tunafikiria gari, bima kubwa au bima ndogo. Ya nyumba wanaikata zaidi waliokopa benki, na kwa kawaida msingi wake ni moto. Mafuriko mara nyingi ni kipengele cha kuongezwa, nacho kina bei yake. Soma mkataba. Maji ya bomba lililopasuka chumbani si sawa na maji yaliyotoka mtoni, na wapo waliogundua tofauti hiyo siku ya kudai. Angalia pia kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Na usitaje thamani pungufu ili ulipe kidogo, maana na fidia inaweza kukatwa kwa uwiano huo huo.

Sidai kwamba bima ni dawa ya kila mtu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na sitegemei kampuni ikimbilie kukatia nyumba ya pale. Huko jawabu ni kuhama kwa fidia ya haki, na mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake 2022, utapimwa kwa hilo.

Lakini fundi cherehani aliyepanga ukingoni mwa bonde, mashine mbili na vitambaa vya wateja, yeye anaangukia wapi? Marekani, mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanzishwa 1968 unamruhusu mpangaji kukatia vyombo vyake bila kumiliki nyumba, hadi dola 100,000. Na kwa kawaida bima hiyo huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kuona wingu ndipo ukimbilie dirishani. Mpango huo una madeni makubwa na sitaki tuuige wote. Hicho kipengele cha mpangaji nakitaka.

Ningependa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, izibane kampuni zilete bima ndogo ya vyombo: cherehani, friji, godoro, inayolipwa kidogo kidogo kwa simu kabla ya masika, na mkataba wa Kiswahili unaotaja mafuriko kwa jina. Kampuni zikisema haziwezi kujua hatari ya kila mtaa, ramani zipo. Tangu 2015 wanafunzi na wakazi wamekuwa wakichora mitaa ya mabondeni chini ya Ramani Huria, na mitaro yake na sehemu ambazo maji hufika, na ramani hizo ni bure kwa yeyote. Zibandikwe ofisi za serikali za mitaa, mpangaji azione kabla hajalipa kodi ya miezi sita.