Mlinzi wa Geti Langu

Jamani, mtu akikushauri uachane na mbwa ufuge bata bukini, mwulize kwanza yeye anakaa wapi na anapitia geti gani. Aliyeniuzia mimi anakaa mbali, na siku hizi simu yangu hapokei.

Alinijaza maneno huyo. Eti mbwa anataka nyama, bukini anakula ukoka tu. Eti Wagauli walipopanda kilima cha Kapitolini kule Roma usiku, mwaka 390 kabla ya Kristo, mbwa walilala fofofo, bukini wa hekaluni ndio waliopiga kelele jeshi likaamka. Sawa, lakini Waroma walikuwa na jeshi la kuamshwa. Hapa Goba anayeamka ni mimi, saa nane za usiku, na bukta yangu na tochi ya simu, natoka nakuta paka wa jirani anajipitia zake juu ya ukuta.

Na kelele zenyewe hazichagui. Bodaboda kaleta mtungi wa gesi, kelele. Embe limedondoka, kelele. Mjumbe alikuja kukusanya mchango wa ulinzi shirikishi, dume likamfukuza mpaka barabarani, ndala moja ikabaki uani. Mchango wa ulinzi, jamani! Tukatoa mchango na ndala tukalipa juu. Ila yule jamaa anayenidai hela ya tofali, huyo akija wanamsogelea kwa minong'ono na kumsindikiza hadi mlangoni. Mama watoto anasema wanajua mtu mwaminifu. Sijamjibu.

Mdomo wa bukini ukiuona kwa mbali utadhani hauna kitu. Sogea sasa. Kingo zake zimechongoka vijimeno vya kukatia majani, na ulimi nao pembeni una vyake. Dume likishusha shingo, likainyoosha mbele sambamba na ardhi na kuanza kufoka "sssss", ujue mazungumzo yamekwisha. Linakamata nyama ya paja na kuizungusha kama linafungua kifuniko cha chupa, huku bawa linakutwanga goti. Wataalamu wanasema usikimbie, simama wima, tanua mikono. Wataalamu hao hawajawahi kuwahi daladala ya saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Tuje kwenye maji. Niliambiwa hawana haja ya bwawa, na ni kweli. Lakini lazima wapate chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, wasafishe macho na pua, la sivyo wanaugua. Basi kwangu maji ya bomba yanakuja kwa mgao, mimi naoga kwa kopo, wao wana beseni. Nikijaza asubuhi, saa tatu limeshakuwa tope, wanasimama pembeni wananitazama. Na kinyesi! Ukoka wenyewe hausagiki vizuri tumboni, unaingia huku unatokea kule, muda si mrefu. Baraza yangu haitamaniki.

Mayai je? Yai moja lina gramu 150 hivi, unakaanga moja linashibisha watu wawili. Lakini bukini hatagi mwaka mzima kama kuku wa kisasa, ana msimu wake, halafu anaatamia siku 28 hadi 30 na katika muda huo mumewe anageuka askari wa mpakani. Kamba ya kuanikia nguo iko upande wao. Tulivaa nguo zenye unyevu mwezi mzima.

Vifaranga nao wakishatotolewa wanamfuata wa kwanza kumwona. Mmoja alimwona mwanangu wa mwisho, sasa anamsindikiza mpaka kituoni, na watoto wenzake wamempa jina ambalo hapa siliandiki.

Nikasema basi, Krismasi ifike tule. Nyumba nzima ikalia. Mama mkwe, ambaye dume hilohilo lilimchania kanga, akasema nina roho mbaya.

Halafu juzi daktari wa mifugo kaja kuwaangalia. Nikamwuliza kwa upole, hawa huwa wanaishi muda gani? Akasema wakitunzwa vizuri, miaka 20 wanafika, wengine wanapitiliza. Mimi nina miaka 56 na presha. Kwa hiyo ndugu na marafiki, siku ya msiba wangu mkija, piteni mlango wa uani. Au ongozaneni na yule wa tofali.