Fidia isiyofika dola 1,700

Desemba 2011 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya mikopo ya nyumba ya Countrywide, ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa Bank of America, italipa dola milioni 335. Wakopaji zaidi ya 200,000, Weusi na Walatino, walikuwa wametozwa zaidi kuliko Wazungu wenye sifa zilezile za kukopesheka, kati ya 2004 na 2008. Gawanya mwenyewe: dola 1,700 hazifiki kwa kila mtu. Na wapo ambao kufikia hapo nyumba ilishapigwa mnada zamani.

Sikatai fidia. Ninachobisha ni dhana kwamba ubaguzi wa mikopo ni kunyimwa tu. Miaka ya 1930 ndivyo ulivyokuwa: mitaa ya Weusi ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za serikali, na FHA, idara ya serikali ya kudhamini mikopo ya nyumba iliyoanzishwa 1934, ikakataa kuidhamini huko. Sheria ya makazi ya 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikuja kufungua mlango. Kufika miaka ya 2000 mlango ulikuwa wazi kweli, ila mlangoni amesimama dalali wa mikopo.

Dalali huyo, na hapa ndipo ninapoudhika, hakuhitaji kumchukia mtu. Kamisheni ilimtosha. Akimbebesha mteja riba kubwa kuliko aliyostahili, mkopeshaji alimwongezea chake. Mikopo mingi ya aina hiyo ilianza na riba nafuu miaka miwili, kisha ikaruka. Umtafute nani, kama si yule ambaye wazazi wake walinyimwa mkopo na nyumbani hakuna wa kumuuliza? Jiji la Baltimore liliishtaki benki ya Wells Fargo Januari 2008, na waliowahi kuwa maofisa wake wa mikopo wakaeleza kwa kiapo kwamba makanisa ya Weusi yalilengwa. Ukishatambulishwa kanisani, nani atakuhoji habari za riba? Benki ilikana, na 2012 ikalipa dola milioni 175 bila kukiri kosa.

Ndiyo maana katika Dodd-Frank, sheria ya 2010 ya kudhibiti benki na mikopo, mimi napenda zaidi vipengele visivyo na mbwembwe: malipo ya dalali yasitegemee ukubwa wa riba, na mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mteja ataweza kulipa. Havitaji rangi ya mtu, lakini vinagusa mfuko uleule uliowasukuma madalali mitaani.

Tatizo ni kwamba vinamkinga mkopaji wa kesho. Umiliki wa nyumba miongoni mwa Weusi ulikaribia asilimia 50 mwaka 2004, kisha ukaporomoka, na benki zilizokuwa zikigawa mikopo kama peremende zikabana masharti. Kati ya zile milioni 175 za Wells Fargo, 125 zilikuwa fidia kwa wakopaji, na 50 tu zikatengwa kusaidia watu kutoa malipo ya awali ya kununua nyumba katika maeneo yaliyoumia. Mimi ningezigeuza tarakimu hizo, na wa kwanza kwenye foleni awe yule ambaye nyumba yake ilinadiwa.