Nanasi la Milioni Nne

Shangazi yangu alifundisha jiografia miaka thelathini na ushei, na miaka yote hiyo aliuchora Mto Mekong ubaoni bila kuuona. Alipopata mafao yake, sisi wa ukoo tulidhani atamalizia nyumba yake ya Pongwe. Yeye akanipigia simu: "Mwanangu, pasi yako ya kusafiria iko hai? Basi njoo unibebee mabegi."

Ho Chi Minh City, huko Vietnam, ni pikipiki tupu. Kuvuka barabara hakuna ujanja: unatembea polepole, husimami wala hukimbii, nazo zinakupita kushoto na kulia kama maji yanavyozipita nguzo za gati. Shangazi alivuka akisoma Ayatul Kursi. Mimi nilivuka nimeshika pindo la ushungi wake, mtu mzima na ndevu zangu.

Kilichonitesa zaidi ni pesa. Noti ya dong 20,000 ni ya buluu, na ya 500,000 nayo ni ya buluu. Siku ya kwanza nikalipia kahawa ya barafu kwa hiyo kubwa, nikaondoka zangu kwa madaha, mpaka muuzaji aliponikimbilia na chenji mkononi. Tena wenyewe wamezichoka sufuri. Akikwambia hamsini, jua ni elfu hamsini. Kwa hiyo nikajifunza kwamba huku mtu akikuonyesha vidole, wewe jaza mwenyewe.

Tukashuka kusini hadi Can Tho, kwenye delta. Jioni tulifikia kwenye shamba la matunda lenye minazi, na Shangazi alipoona kuti limelala chini, damu ya Pangani ikamwamka. Akalipasua, akakaa kibarazani, akalisuka vizuri kabisa, wenyeji wamemzunguka wanatazama. Asubuhi akagoma kuliacha. "Kuti zima hili litupwe?"

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa majini kuelekea soko la Cai Rang. Mashua zimechorwa macho omoni, kama macho ya majahazi yetu, na kila moja imesimamisha mti wa mwanzi wenye bidhaa juu: nanasi, boga, kitunguu. Kijana aliyetuongoza akatueleza sheria za mti huo huku injini inanguruma nyuma ya masikio yetu. La kwanza nililisikia: kinachoning'inia ndicho kinachouzwa. La pili pia: nguo haziuzwi, hizo zimefuliwa, watu wanaishi humo humo. Palikuwa na la tatu. Injini ililila.

Mama mwenye mashua akatufunga ubavuni mwa mashua kubwa isiyokuwa na mtu, kisha yeye na kijana wakarukia mashua ya jirani kunywa supu ya tambi. Shangazi akasema amekula mkate wake, haendi popote. Saa moja na nusu jua likaanza kumchoma. Nami ni mpwa mwema. Nikachukua upondo, nikausimamisha omoni, nikafunga lile kuti juu yake limpe Shangazi kivuli.

Haikupita dakika tano akaja mzee mmoja na mashua iliyojaa mananasi. Akalitazama kuti. Akatutazama sisi. Akaonyesha vidole vinane.

Mimi mtoto wa kwenda Kariakoo kila wiki, mtu akinitajia nane? Nikamwonyesha vitano.

Yule mzee nusura aanguke majini. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha akatabasamu meno yote, akamwita mkewe. Mkewe naye akaja akanitazama. Wakaanza kugonga mbao za mashua yetu, wakainama kuchungulia injini, wakapapasa chini penye uvujaji. Nikamwambia Shangazi hawa watu wana heshima, hawauzi nanasi mpaka wahakikishe chombo chako kitalibeba salama.

Ikaja mashua nyingine, kijana anaonyesha vidole sita. Nikampungia mkono aende zake, sita ya nini na kuna mtu wa tano? Kijana akanisihi, akaongeza kidole cha saba. Nikamshangaa. Biashara gani hii, unakataliwa kwa ughali, unazidi kupandisha?

"Usiishie tano," Shangazi akaninong'oneza. "Mgeni hapewi bei ya kweli mara ya kwanza. Sema nne."

Nikasema nne.

Mke wa mzee akajifunika uso kwa kofia yake pana iliyochongoka juu, mabega yanatikisika. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa mpaka mashua ikayumba, akatoa bulungutu, akaanza kuhesabu noti za buluu kwenye mapaja ya Shangazi. Mara hii nilizitazama vizuri. Zilikuwa zile kubwa.

"Anatupa chenji," alisema Shangazi, "na sisi hatujalipa. Mungu awabariki watu hawa."

Hapo ndipo mama mwenye mashua alipoinua kichwa kutoka kwenye bakuli. Sikuwahi kuona mtu akiruka kutoka chombo hadi chombo na tambi bado zinaning'inia kidevuni. Alilichomoa lile kuti kwa mkono mmoja, akalikunja, akalikalia.

Kijana wetu alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akatupa la tatu. Mashua haiwezi kutundikwa mtini, kwa hiyo anayetaka kuuza mashua yenyewe hutundika kuti la kuezekea. Nilikuwa nimetangaza mnada. Nilikuwa nimepewa milioni nane, nikashusha mwenyewe hadi nne, na nikamfukuza aliyefika milioni saba.

Mzee alichukua noti zake kwa huzuni ya kweli, akatuachia nanasi moja bure. Mama mwenye mashua hakunisemesha hadi gatini. Nilimwomba kijana anitafsirie kilichomuudhi hasa. Akasema kuuza angesamehe, maana wageni hawajui. Ila milioni nne, pesa isiyofika hata dola mia mbili, ilhali injini imetoka kufungwa juzi! Hilo anaona ni dharau.

Kutoka Chau Doc tulipanda Mekong kwa boti ya kasi hadi Phnom Penh, Kambodia, Shangazi akiwafundisha abiria, kwa Kiingereza cha ubaoni, jinsi mto Tonle Sap unavyogeuka kila mwaka na kurudi nyuma Mekong inapojaa. Mimi nilikaa kimya, mikono mfukoni, vidole visionekane.

Huko Siem Reap, Angkor Wat ilimtoa machozi. Mfalme Suryavarman wa Pili alilijenga hekalu hilo karne ya 12, na handaki la maji linalolizunguka lina upana wa karibu mita 190. Mlinzi wa mnara wa juu akayatazama magoti yangu yaliyo wazi, akatikisa kichwa. Ikabidi Shangazi anivalishe kanga yake. Nikapanda ngazi zile za wima, watalii nyuma yangu wakipiga picha makalio yangu yaliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Nilishuka nimelowa jasho. Bajaji yao ni pikipiki inayovuta kigari chenye paa. Nikaivua kanga, nikaitundika kwenye nguzo ya kigari ipate upepo.

"Itoe hapo," alisema Shangazi, bila kugeuka. "Itoe upesi, kabla hujauza na hii."