Chumvi ya Mto Pangani haikuletwa na ukame peke yake

Ndugu mhariri, habari yenu inaeleza kuwa maji ya chumvi yanayopanda Mto Pangani yametokana na ukame wa mwaka huu. Ukame umechangia, lakini maelezo hayo yanasahau zaidi ya nusu karne ya mabadiliko yaliyolundikana kidogo kidogo, kuanzia Kilimanjaro na Meru hadi baharini.

Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, lilidhibiti mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakilisha kinamasi cha Kirua, nacho kikapungua sana pamoja na samaki wake. Juu ya bwawa, mashamba ya umwagiliaji na miji ya Moshi na Arusha huchota maji ya bonde hilohilo. Chini yake, mitambo ya umeme ya Hale na Pangani inayategemea pia. Ukiupima mradi mmoja mmoja, madhara yake huonekana madogo, ilhali mto huyabeba yote kwa pamoja.

Jumla yake tunaiona sisi tulio huku chini. Wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, chumvi husukumwa mbali ndani ya mto, na mkulima hulazimika kusubiri maji yapwe, kisha huyateka kwa kiganja na kuyaonja kabla ya kumwagilia mboga zake. Naiomba Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kabla ya kutoa kibali kingine cha kuchota maji, itangaze hadharani kiasi kinachopaswa kubaki mtoni hadi Pangani mjini, hasa miezi ya kiangazi.